Kizibao Kilichokuwa Chini ya Kiti: Mavazi ya Dereva Awapo Ugenini

Mazungumzo ya dereva mstaafu wa malori, katika kikao cha polisi na raia mjini Juba, mbele ya madereva wa magari ya mizigo, waendesha bodaboda na abiria wao.



Nilipoambiwa kwamba mada yangu ni mavazi ya dereva, nilicheka. Nilijiuliza kama nimeitwa kuwafundisha watu wazima namna ya kuvaa. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, kwa sababu nina jambo langu mwenyewe katika mada hii, na nitalisema kwa zamu yake.

Vifungu vya sheria ya Sudan Kusini sitavisoma mimi. Afisa aliyeketi hapa kulia kwangu atavisoma nikimaliza, naye ndiye mwenye haki ya kuvisema. Mimi nitazungumza juu ya nchi nyingine na juu ya barabara, kwa kuwa wengi wetu humu ndani ni watu wa kuvuka mipaka. Wapo waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania kutafuta riziki Juba. Wapo wenyeji waliokulia Kakuma au Adjumani wakarudi na leseni na mazoea ya huko. Na tangu nchi hii iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, malori yanayokwenda na kurudi yamekuwa sehemu ya maisha yetu sote. Dereva akivuka mpaka huuliza bei ya mafuta, huuliza hali ya usalama, huuliza karatasi za forodha. Ni nadra kumsikia akiuliza avae nini.

Mwaka 2004 nilikuwa nikiendesha matatu Mombasa. Tarehe 1 Februari mwaka huo zilianza kutumika kanuni za Waziri John Michuki, zilizokuwa zimetangazwa mwaka uliotangulia. Kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kila kiti kiwe na mkanda, gari lichorwe mstari wa manjano, dereva avae sare ya buluu na kondakta avae sare ya rangi ya damu ya mzee. Siku zile matatu nyingi hazikutoka, na Wakenya walikwenda kazini kwa miguu. Sisi madereva tulinung'unikia kidhibiti mwendo na tulinung'unikia mikanda. Shati la buluu tulilinunua upesi, maana lilikuwa rahisi kuliko vyote, na ukilivaa askari hana neno nawe.

Hapo ndipo nilipolipata kosa lililokaa nami miaka mingi. Nilijifunza kwamba nguo ya dereva ni ya askari. Sare, bila shaka, ina kazi yake njema: abiria amtambue aliyembeba, amtofautishe na mpiga debe wa kituoni, aweze kumshitaki akikosewa. Lakini kuna nguo za aina nyingine kabisa, ambazo hazihusiki na kutambulikana kwako wewe ni nani. Zinahusika na kuonekana kwamba upo. Mimi niliziweka zote katika kapu moja.

Sasa nisogee hadi barabara ya Nimule. Mnajua nyote kwamba Sudan, ambayo nchi hii ilikuwa sehemu yake, ilihama kutoka kuendesha kushoto ikaenda kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini imeendelea hivyo hivyo. Kenya, Uganda na Tanzania wamebaki kushoto. Kwa hiyo mtu akitoka Elegu kuingia Nimule hubadilisha upande, na dereva mzoefu hulizoea jambo hilo kwa siku mbili. Kitu ambacho hakibadiliki ni gari lenyewe. Usukani unabaki kulia, na mlango wa utingo unabaki kushoto. Kwetu Kenya, utingo akifungua mlango hushukia kwenye majani, pembeni mwa barabara, na dereva ndiye anayeshukia upande wa magari. Ukishavuka Nimule mambo yanageuka. Dereva hushukia kwenye majani, na utingo hushukia katikati ya barabara. Vivyo hivyo kwa basi dogo lolote lililotengenezwa kwa nchi za kushoto: mlango wake hapa humwaga abiria mbele ya magari. Naomba mlifikirie jambo hilo vizuri kabla sijaendelea, kwa sababu mimi sikulifikiria.

Barabara ile, kilomita 192 za lami kutoka Juba hadi Nimule, ilikamilika mwaka 2012, nasi tuliofika hapa wakati wa vumbi na mashimo tuliipokea kama zawadi. Miaka michache baadaye nilikuwa nikija Juba na mzigo wa saruji. Tulicheleweshwa mpakani, nami nikafanya ubishi wa kuondoka wakati jua linazama. Kama kilomita 40 baada ya Nimule, gurudumu la nyuma la kushoto likapasuka. Nililisogeza lori pembeni kadiri nilivyoweza, lakini bega la barabara lilikuwa jembamba, na gurudumu lililopasuka lilikuwa upande wa magari. Pembetatu zangu za tahadhari zilikuwa zimevunjika, kwa hiyo tukakata matawi ya miti tukayatandaza nyuma, kama wafanyavyo madereva wote wa njia zetu.

Utingo wangu alikuwa kijana wa Malaba, hodari, mwenye mikono mepesi. Alivaa fulana nyeusi na suruali ya jinzi. Alishuka kwa mlango wake, akazunguka nyuma na jeki. Gari dogo lilikuja kutoka nyuma, likielekea Juba kama sisi, na wakati huo huo lori lingine lilikuja kutoka mbele likiwa na taa kali. Dereva wa gari dogo aliliona lori letu akalikwepa kidogo. Kijana aliyechuchumaa kando ya gurudumu hakumwona. Tulimrudisha Nimule kwa gari la msamaria mwema, naye akafariki kabla hatujafika hospitali.

Askari aliyekuja kupima eneo la ajali aliniuliza swali moja: kijana alikuwa na kizibao cha kuakisi, au hakuwa nacho? Nilimjibu kwamba vipo. Vilikuwa viwili, vipya, chini ya kiti changu, ndani ya nailoni yake, vikingoja kuonyeshwa askari kwenye vizuizi. Ndivyo nilivyovifanyia kazi mwaka mzima: nikisimamishwa navitoa, nikiruhusiwa navirudisha. Yule askari hakunilaumu. Aliandika, akaniambia niketi.

Nimewaambia habari hii mapema ili mjue ninasimama wapi ninapozungumza. Sasa tuangalie wengine wamefanyaje.

Ufaransa, tangu mwaka 2008, kila gari hutakiwa kuwa na kizibao cha kuakisi na pembetatu ya tahadhari. Ndicho kile kizibao cha manjano ambacho mwaka 2018 kiligeuzwa kuwa vazi la waandamanaji, kwa sababu kila mwenye gari alikuwa nacho tayari. Lakini katika sheria ile kuna neno dogo ambalo mimi laiti ningelijua. Kizibao hakitakiwi kuwekwa kwenye buti. Hutakiwa kuwa mahali ambapo mkono wa dereva unafika, ili akivae kabla ya kutoka garini na kuikaribia barabara. Aliyeiandika sheria hiyo alijua kwamba mtu akishakanyaga lami ili akitafute, hatari imekwishaanza.

Naomba sasa tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzima huhitaji kama mita 53 tangu dereva aone hatari hadi lisimame. Lori lenye mzigo huhitaji zaidi. Mtu aliyevaa nguo nyeusi usiku, mbele ya taa zilizoinamishwa, huonekana akiwa kama mita 30 tu. Maana yake ni kwamba dereva akikuona, hata akiwa mtu mwema na macho yake ni mazima, hana nafasi ya kusimama. Tepe ya kuakisi huonekana kwa mita mia moja na zaidi, kwa sababu huirudisha nuru kule kule ilikotoka, kwenye macho ya yule mwenye taa.

Vijana wa bodaboda huniambia: mzee, sisi tunavyo, tunavivaa kutwa. Ni kweli, nawaona. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, ile rangi ya manjano au ya chungwa inayong'aa ni ya mchana. Usiku rangi haikusaidii. Kinachokusaidia ni ile tepe ya kijivu. Na tepe ya kijivu iliyokaa miezi sita katika vumbi la Gudele haiakisi tena kitu. Ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, usiisugue kwa brashi ngumu, usiipige pasi. Ikishachanika chanika, ni kitambaa tu.

Pili, unapompakia abiria, mgongo wako umefunikwa. Gari linalokuja nyuma halikioni kizibao chako. Linaona mgongo wa abiria, naye amevaa koti jeusi. Ndiyo sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ilipotaka mwendeshaji avae kofia ngumu na jaketi lenye viakisi, ilimtaka pia ampatie abiria wake. Wengi kwetu hawaitimizi, nisiwadanganye. Lakini mkienda Kigali, ambako magari huenda kulia kama hapa, mtamkuta kila mwenye pikipiki ana kofia ya pili mkononi anakukabidhi kabla hujapanda, na ukiikataa hakuchukui.

Juu ya kofia ngumu sitakaa sana, kwa kuwa mmeshaambiwa mara nyingi. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa mwendeshaji kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Vietnam, nchi ya pikipiki kuliko yetu, ililazimisha kofia kila barabara kuanzia tarehe 15 Desemba 2007, na watu walivaa kwa wingi katika muda mfupi sana. Nitasema mambo mawili tu. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hulinda usukani. Na kofia isiyofungwa mkanda wa kidevu huruka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria wanaochukia jasho la kofia ya watu wengi wana haki. Wabebe kitambaa chepesi cha kuvaa ndani yake. Najua pia joto la mwezi wa tatu hapa mjini. Kwa hilo vipo vizibao vya wavu, vyenye tepe ile ile.

Sasa nije kwa mama zetu, na naomba radhi kama mzee anayeingilia mavazi ya akina mama. Hapa Juba mama huvaa lawa iliyofungwa begani, au taubu. Kwetu pwani huvaa kanga na buibui. Yote ni mavazi ya heshima, na yote yana ncha inayoning'inia. Mama akikaa upande juu ya pikipiki, ncha ile iko sentimita chache kutoka kwenye spoku na mnyororo. Ikinaswa haimwachi, humvuta chini na nyuma. Hata gari linafanya hivyo: mcheza dansi mashuhuri Isadora Duncan alikufa Nice, Ufaransa, mwaka 1927, skafu yake ndefu iliponaswa na gurudumu la gari lililokuwa wazi.

Wapo watakaosema: basi akina mama wavae suruali. Mimi siungi mkono. Tuwatazame Wahindi, ambao mama zao huvaa sari, na sari ni ndefu kuliko lawa. Kanuni zao za magari za mwaka 1989 hazikumkataza mama kuvaa sari. Ziliiagiza pikipiki: iwe na mahali pa abiria kushika, iwe na mahali pa kukanyaga, na iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Pikipiki nyingi mnazoziendesha, Bajaj na TVS, zinatoka India. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa Konyo Konyo anaweza kukutengenezea kinga kama hiyo kwa vyuma vyembamba kwa muda usiozidi asubuhi moja. Kabla ya hapo, mwendeshaji ageuke atazame kabla ya kuondoka, na mama aikunje ncha ya nguo aikalie. Kumwambia abiria "mama, nguo yako" si kukosa adabu.

Viatu navyo vina hadithi nyingi za uongo. Mtu hukuambia kwa uhakika kwamba Ulaya ukiendesha na ndara unafungwa. Uingereza sheria haizitaji ndara. Kanuni ya 97 ya kitabu chao cha barabarani inasema tu kwamba mavazi na viatu visikuzuie kutumia vidhibiti vya gari ipasavyo. Mwana wa dada yangu anaendesha lori Ujerumani, naye ananiambia kwamba mwenye gari lake binafsi hakatazwi, ila dereva wa kazi hutakiwa avae kiatu kinachoushika mguu wote. Naona hilo ni la haki. Ndara ikiteleza chini ya breki ya lori lenye saruji, haitakuwa na muda wa kurudishwa.

Lakini sheria ya mavazi inaweza kupita mpaka, na maafisa wetu wanivumilie hapa. Mwaka 2018, katika mkoa wa Fukui huko Japani, kasisi wa Kibudha alisimamishwa akiwa anaendesha na kanzu yake ya dini, akaandikiwa faini ya yen 6,000 kwa kuvaa nguo inayozuia uendeshaji salama. Makasisi wenzake wakajirekodi wakiruka kamba na kurusha mipira wakiwa na kanzu zile zile, ili watu waone kama kweli zinawazuia. Mwanzoni mwa mwaka 2019 polisi waliiacha kesi ile. Nimeitaja kwa sababu humu nawaona wazee waliovaa jalabia, na pwani kwetu imamu huendesha na kanzu yake kila Ijumaa. Swali la kumwuliza si la nguo. Mwulize aikanyage breki hadi mwisho, umtazame mguu.

Maafisa, ninalo neno moja kwenu pia. Wapo madereva wanaoamini kwamba kizibao ni chambo cha kuwatoza pesa. Maneno hayo nimeyasikia katika kila nchi niliyopita, nami mwenyewe niliyasema. Dereva anayeamini hivyo hukinunua ili akionyeshe, kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo ukaguzi wa saa sita mchana, wa kuuliza tu kama kipo, unamfundisha kukitunza ndani ya nailoni. Ningeomba mkague jua linapozama, mmwone amekivaa au hakukivaa, mmtazame utingo wake na abiria wake kabla ya kumtazama yeye. Akitozwa, apewe risiti, ili ajue pesa imekwenda kwa serikali na asiwe na la kusingizia. Na askari anayesimamisha malori usiku naye ni mtu aliye barabarani. Nyeupe ya trafiki mchana tunaiona kutoka mbali. Usiku, kwenye kizuizi kisicho na taa, nimewahi kukanyaga breki nikiwa sijui kama aliye mbele yangu ni askari au ni kivuli.

Wenye malori, siku hizi nimestaafu lakini wanangu wawili wako njiani. Nimewaambia hivi: kizibao cha utingo kitundikwe kwenye mlango wake wa kushoto, ndani, kwenye ndoano, ili asiweze kuufungua bila kukigusa. Mkubwa wao ameiweka ndoano. Mdogo anasema ataiweka, nami namwuliza kila wiki.

Nimeleta vizibao viwili, viko hapo mezani. Kimoja nimekiazima kwa kijana wa bodaboda aliyeketi karibu na mlango, amekivaa tangu mwaka jana bila kukiosha. Cha pili ni cha mwenzake, kimeoshwa jana jioni. Kabla afisa hajasimama kutusomea sheria, naomba walio karibu na madirisha wayafunge na wazime taa, nami nitawasha kurunzi kutoka mwisho wa ukumbi. Mtaniambia mnaona kipi.